Mbona Miguu Ndiyo Imevimba

Nilipofika chuo cha uuguzi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mikono yangu ilikuwa bado ya machimboni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Masumbwe, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya niliingia kwenye maduara pamoja na vijana wa mtaani kwetu. Duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo. Unashuka kwa kamba, unagonga mwamba kwa nyundo na tindo, mawe yanapandishwa juu kwenye viroba. Miaka michache ya kazi ile ilinikomaza viganja mpaka vikawa kama soli ya kandambili.

Uuguzi sikuuota tangu utotoni kama wenzangu wengi walivyosema siku ya kujitambulisha darasani. Siku moja jiwe lilimwangukia mwenzetu mguuni, tukambeba mpaka zahanati. Aliyetupokea alikuwa muuguzi mwanamume, mtu wa makamo, mpole. Alimfunga ule mguu bila haraka huku akimuuliza habari za kwao Kigoma, mvua zimeanza au bado, mama yake mzima. Yule mwenzetu, aliyekuwa akipiga kelele njia nzima, akawa anajibu habari za mvua. Nilisimama pale mlangoni nikiwa nimejaa vumbi, nikaona kazi ninayoitaka.

Nilipowaaga wenzangu wa duarani walicheka. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo sasa tutakuita sista?" Nilipanda gari la Kahama nikiwa na begi moja na godoro nililolikunja na kulifunga kwa kamba.

Wiki za mwanzo tulifundishwa kupima mapigo ya moyo. Tuliambiwa tukae wawili wawili, uweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mwenzako, upande wa dole gumba, uhesabu. Darasa lote likanyamaza likihesabu. Mimi sikusikia kitu. Nikasogeza vidole juu, nikavisogeza chini, nikakandamiza, nikalegeza. Ngozi yangu ilikuwa nene mno. Ilikuwa kama kumshika mtu mkono huku umevaa glavu za kazi.

"Wewe umepata ngapi?" mwalimu akaniuliza.

"Sisikii, Sista."

"Husikii nini?"

"Mapigo. Hayapo."

"Basi mwenzako amefariki," alisema, na darasa likaangua kicheko. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mama mkali kidogo, mwenye kupenda utani mkavu, na baadaye alinisaidia sana. Lakini siku ile nilirudi bwenini nikiwa na uhakika kwamba jina langu liliingia kwenye orodha ya waliochaguliwa kwa makosa, na kwamba siku yoyote nitaitwa ofisini niambiwe nifunge godoro langu.

Niliishi na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko mtu angeweza kudhani. Kila jioni nililoweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, nikaisugua kwa jiwe, nikaipaka mafuta ya mgando. Nilifanya hivyo nje, nyuma ya bweni, kwa sababu sikutaka watu wajue nilikotoka. Nilikuwa nimewazidi umri wengi wao. Kiswahili changu kilikuwa cha mtu aliyekulia kwenye Kisukuma. Baba yangu ni Msumbwa na mama Msukuma, na nyumbani kwetu lugha ya mama ndiyo iliyotawala. Nikisema haraka, r na l zilibadilishana nafasi zenyewe. Na masomo yalikuwa kwa Kiingereza, ambacho nilikuwa nimekipitia shuleni kama mtu anayepita kijiji cha watu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa kinyume changu. Alizaliwa Shinyanga mjini, katika familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa. Babu yake alitoka pwani na biashara, akaoa hapa, wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa laini, na Kiingereza chake kilimtoka bila kutafutwa. Aliamka kwa swala ya alfajiri, na akishaswali hakurudi kitandani. Alikaa mezani na kalamu zake za rangi: nyekundu ya dalili, kijani ya dawa, bluu ya kazi za muuguzi. Nilipoamka nilimkuta ameshamaliza mada nzima, shuka limetandikwa, shati limepigwa pasi. Darasani hakuna swali lililompita. Kabla ya majaribio wasichana kwa wavulana walimfuata kantini awafafanulie, naye aliwafafanulia huku chai yake ikipoa.

Pale chuoni kila mtu alikuwa na namna yake ya kusoma, na kila mmoja aliamini namna ya mwenzake ndiyo sahihi. Kulikuwa na waliosoma miguu ikiwa ndani ya ndoo ya maji baridi ili wasisinzie. Kulikuwa na msichana mmoja aliyebandika majina ya mifupa ukutani, mlangoni, mpaka kwenye kopo lake la sukari. Wengine walipiga picha kila kilichoandikwa ubaoni, simu zikajaa, wasizifungue tena mpaka wiki ya mtihani. Kulikuwa na vikundi vya majadiliano ambavyo nusu saa ilikuwa ya somo na iliyobaki ya mihogo ya kukaanga na habari za watu.

Mimi nilikariri. Nilichukua madesa, yale maelezo ya mwalimu yaliyotolewa kopi, nikatembea nayo kando ya uzio wa shamba la mahindi la chuo, nikienda na kurudi, nikisema maneno ya Kiingereza kwa sauti mpaka yakakaa kinywani. Yaliyokuwa ndani ya maneno hayo sikuwa nayajali. Nilijua kwamba likiulizwa hili, linajibiwa lile. Nilikuwa kama mtu anayebeba kiroba cha mawe bila kujua kama kina dhahabu.

Mtihani wa nusu mwaka wa kwanza nilifaulu masomo mengine kwa kuchechemea, nikaanguka la muundo na kazi za mwili wa binadamu. Maana yake ni mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wanauita supu. Ukianguka supu, unakaribia kudisko, yaani kuondolewa chuo. Mwenzangu wa chumba aliongoza darasa. Alinikuta nimekaa kitandani nimeshika karatasi ya matokeo.

"Supu moja tu," alisema. "Utaifaulu."

"Wewe hujawahi kupata hata moja."

Alianza kupanga kalamu zake, moja moja, ingawa zilikuwa zimeshapangwa.

Niliifaulu ile supu, kwa kukariri zaidi. Mwaka wa pili tukaanza kupelekwa wodini asubuhi, na mchana tunarudi darasani. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja wa kumfuatilia: umjue ugonjwa wake, dawa zake, umwogeshe, umpime, uandike maendeleo yake, kisha umweleze mwalimu. Mimi nilipewa bibi mmoja kutoka vijijini, upande wa Kishapu, aliyelazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Alikuwa mwembamba juu na mnene chini. Uso na mabega vilikuwa vya mtu aliyekonda, lakini miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Hakuweza kulala chali; akilala chali pumzi ilimkata. Alikaa ameegemea mito usiku na mchana, kanga mabegani, akiangalia kila anayepita.

Kiswahili alikuwa anakijua cha kuomba chumvi dukani tu. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," maana mayu kwetu ni mama. Akageuka haraka kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati.

"Mwangaluka, ng'wana wane," aliitikia. Mwanangu. "Kumbe hapa kuna watu."

Tangu siku hiyo hakutaka kuhudumiwa na mtu mwingine. Nilimwogesha mgongo, nikampaka mafuta miguu, nikajifunza kuona asubuhi kwa macho kama uvimbe umepanda au umeshuka. Mapigo yake niliyapata. Vidole vyangu vilikuwa vimelainika kiasi, na mkono wake ulikuwa na ngozi nyepesi kama karatasi. Niliyasikia yakikimbia, yakisita, yakikimbia tena. Nakumbuka nilihesabu mara mbili, si kwa sababu nilikosea bali kwa sababu nilifurahi kuyasikia.

Siku moja mwalimu wetu aliniagiza, "Mweleze mgonjwa wako anaumwa nini. Ni haki yake kujua."

Nilijiona nimepata swali rahisi. Kushindwa kwa moyo nilikuwa nimekukariri kote, sababu, dalili, matibabu, kwa mpangilio ule ule wa kwenye desa. Nikavuta stuli, nikakaa, nikamwambia bibi kwa Kisukuma kwamba moyo wake ni mgonjwa, umechoka, haufanyi kazi kama zamani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole akaonyesha miguu yake.

"Kama moyo ndio mgonjwa," aliuliza, "mbona miguu ndiyo imevimba?"

Nilifungua kinywa. Kiingereza kilikuja chote, mstari mzima wa dalili, na uvimbe wa miguu ulikuwemo, tena nilijua ni wa ngapi kutoka juu. Lakini yeye hakuwa ameuliza kama miguu huvimba. Hilo alikuwa analiona mwenyewe. Aliuliza kwa nini, na hiyo kwa nini mimi sikuwa nayo, si kwa Kisukuma tu bali kwa lugha yoyote.

"Mayu," nilisema, "hilo nitakujibu kesho."

"Sawa," alisema. "Mimi siendi popote."

Niliporudi bwenini mchana ule nilimkuta mwenzangu wa chumba anasoma. Nilifurahi, kwa sababu niliamini jibu liko kwake kama vitu vyote. Nikamuuliza kama bibi alivyoniuliza. Akaanza vizuri, kwa ile sauti yake ya kantini, kuhusu upande wa kulia wa moyo na upande wa kushoto, kuhusu shinikizo ndani ya mishipa. Nikamkatiza: "Lakini kwa nini miguu? Kwa nini si mikono? Mikono ndiyo iko karibu na moyo."

Alifungua daftari lake la rangi tatu, akapitisha kidole, akalifunga.

"Sijui," alisema. Alisema taratibu sana, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Sikuwa nimewahi kumsikia akitamka neno hilo.

Tulitoka tukakaa barazani. Yeye alichora moyo kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji, akachora mishipa inayokwenda na inayorudi. Mimi nilikuwa naiangalia ile michoro na sikuona kitu, mpaka nikakumbuka mashine ya kuvuta maji. Kwenye maduara ya kwetu ukichimba chini sana unakutana na maji, na lazima kuwe na mashine juu inayoyavuta kwa mpira, la sivyo watu hawawezi kufanya kazi. Siku mashine inapochoka haizimi. Inaendelea kunguruma, ila inavuta kidogo. Na maji hayapotei hewani. Yanarundikana, na yanaanzia pale chini kabisa, miguuni mwa wachimbaji.

Nilimweleza hivyo. Ilibidi nimweleze pia nilijuaje, na ndipo alipojua kwamba nilikuwa mchimbaji. Nilitazamia ashangae. Badala yake akauliza, "Na mpira? Maji yanatokaje ndani ya mpira yakaingia kwenye nyama?" Nikamwambia mpira ukizidiwa hutoa jasho kwenye viungo. Akacheka, akachora tena, akaandika kwa Kiingereza neno ambalo sote wawili tulikuwa tunalijua kwa ulimi tangu mwaka wa kwanza, na sasa tulikuwa tunaliona. Damu inayorudi inakuta moyo haujamaliza kazi, inasubiri kwenye mishipa, maji yake yanachuja nje, na yanashuka kwa uzito wake. Bibi alikuwa anakaa mchana kutwa miguu ikining'inia. Mtu anayelala kitandani bila kuinuka, uvimbe wake utaukuta kiunoni. Hilo la mwisho tulilipata wenyewe, tukaenda kulitafuta maktaba, tukalikuta limeandikwa vile vile.

Asubuhi nilimweleza bibi, sikumtajia mashine. Nilimtajia ng'ombe wa plau. Nilisema moyo wake ni kama ng'ombe mmoja, ndiye huyo huyo anayelima tangu yeye ni msichana, amezeeka, anavuta bado lakini kazi inabaki nyuma yake. Maji ambayo moyo unatakiwa kuyapandisha yanabaki bondeni. Aliangalia miguu yake, akaiangalia kwa muda.

"Basi hizi sindano za kunikojoza," alisema, "ndiyo mnatoa maji bondeni."

"Ndiyo, mayu."

"Na chumvi mlinikataza kwa nini?"

Hilo nalo niliomba siku moja nikalitafute. Na jingine baada ya hilo. Nilianza kusoma kwa sababu kuna mtu ananisubiri na swali. Mchana nilikaa na mwenzangu barazani, tukachukua mada ya darasani, na kila sentensi nilijiuliza ningemwambiaje bibi. Palipokosekana maneno ya Kisukuma ndipo palipokuwa na shimo katika kuelewa kwangu. Nilisoma polepole kuliko zamani, kurasa chache tu kwa siku, na niliogopa kwamba muda hautatosha. Lakini nilichokipata hakikuondoka tena.

Bibi aliruhusiwa baada ya wiki kadhaa, miguu imenywea, ngozi imelegea kama soksi. Mwanawe alimfuata na pikipiki. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Wabeja," asante, na akaniambia nisome. Sikumwona tena. Ugonjwa ule hauponi, unatulizwa tu, kwa hiyo nadhani ninajua, ila sikuwahi kuambiwa.

Katika kipindi hicho sikugundua kwamba mwenzangu wa chumba alikuwa anabadilika. Niliona tu kwamba kantini haendi tena, na kwamba amelianza upya daftari lake lote kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilipomuuliza alisema anarudia. Nikadhani ni bidii.

Mtihani wa vitendo wa mwaka wa pili ulifanyika kwenye chumba kikubwa kilichogawanywa kwa mapazia. Kila pazia lina kazi yake, kengele inapigwa, unahama. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, nikawa nimekaa nje kwenye benchi. Yeye alikuwa kwenye pazia la kusafisha kidonda. Tuliokuwa nje tulimsikia msimamizi akimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa nini umeanza kusafisha katikati ukaelekea pembeni?" Lilikuwa swali jepesi. Unaanzia pasafi usije ukaingiza uchafu. Alikuwa amewafundisha nusu ya darasa.

Kimya. Msimamizi akarudia swali. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka, akatupita bila kututazama. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amekaa chini, glavu bado ziko mikononi.

"Ulikuwa unalijua," nilimwambia.

"Nalijua hata sasa." Alikuwa anaangalia zile glavu. "Aliposema kwa nini, nikaona kama kila nilichosoma kinafunuliwa kuona kama chini yake kuna kitu. Kama alivyokuuliza yule bibi yako."

"Utarudia. Ni supu."

"Wewe ulipopata supu ulilala, asubuhi ukaamka ukaenda kwenye mahindi," alisema. "Nilikuangalia. Mimi sijui inafanywaje. Tangu darasa la kwanza sijawahi kushindwa kitu mbele ya watu. Sisomi kwa kuwa napenda, nasoma ili wasije wakaniuliza nisichokijua."

Nilivua glavu zake mimi, moja baada ya nyingine, kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka. Miaka yote miwili nilikuwa nimemweka juu, nikijipima kwake kila asubuhi, na yeye muda wote alikuwa anaishi na hofu ile ile niliyodhani ni ya watu wa machimboni peke yao.

Siku iliyofuata alifunga begi akaenda kwao. Jumamosi nikamfuata. Duka lilikuwa karibu na soko, vitenge vimetundikwa mpaka barabarani. Baba yake alikuwa nyuma ya meza ndefu, kanzu na kofia, anapima kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu. Ndiye mwenzake wa chumba?" Alikuwa ananijua kwa kuhadithiwa. "Mmepewa likizo mapema mwaka huu."

Mwenzangu alikuwa amesimama pembeni na rola ya kitambaa mikononi. Alinitazama, na mimi nikatazama chini. Sikutaka kusema uongo kwa mzee, wala kumsemea mwanawe. Mzee akaendelea kupima. Ndipo mwenzangu akaweka rola mezani.

"Si likizo, baba. Nimetoka kwenye mtihani. Nimeukimbia."

Mzee alikata kitambaa kwa mkasi, mkato mmoja mrefu, akakikunja. Nilitamani kuondoka.

"Ulimwumiza mtu?" aliuliza.

"Hapana. Ilikuwa ni sanamu ya plastiki."

"Basi." Akaweka kitambaa kwenye mfuko. "Nilidhani umeumiza mtu. Siku zote hizi unaamka usiku, unatembea uani, mama yako anasema mtoto ana jambo. Nikawaza, huyu ameua mgonjwa." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wanaruhusu kurudia?"

"Wanaruhusu."

"Mpe mwenzako chakula, ni mgeni."

Tulikula pilau uani, na mama yake akaniongezea bila kuniuliza. Mwenzangu hakula sana, lakini alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akasema pilipili ni kali. Haikuwa na pilipili.

Alirudi Jumatatu. Mwalimu wetu alimwita ofisini, na alipotoka alisema ameambiwa tu tarehe ya kurudia na kwamba asiende na daftari. Muda uliobaki tulifanya mazoezi mchana barazani. Mimi nilikuwa kidonda. Nilinyoosha mguu, nikajichora jeraha kwa kalamu yake nyekundu, na yeye akasafisha huku akinieleza kila anachokifanya na sababu yake. Nilimuuliza maswali ya kijinga, kama mgonjwa, kama mtoto, kama mlevi. Kuna siku nilimuuliza jambo ambalo halina jibu, akaanza kuhangaika, nikamwambia, "Sema hujui." Ilimchukua muda. "Sijui," akasema. "Nitauliza." Tukarudia hilo peke yake mara nyingi kuliko kile kidonda.

Siku ya marudio nilisubiri kwenye benchi lile lile la nje. Nilisikia sauti yake ikitetemeka nyuma ya pazia, ikakatika mahali, ikaendelea. Alipotoka shati lilikuwa limelowa mgongoni. Alifaulu kwa alama za kawaida kabisa, na zile alama alizitazama kwa mshangao, kama kitu ambacho hakujua kwamba mtu anaweza kuishi nacho.

Mwaka wa tatu hatukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Leo yeye yuko Kahama, chumba cha upasuaji, na wanaofanya naye kazi wanasema mikono yake imetulia. Mimi niko Geita mjini, nimepanga Kalangalala, nafanya kazi kwenye kituo cha afya ambako wengi wanaokuja wametoka kwenye machimbo ya kila upande wa nchi. Nawahudumia kwa Kiswahili, na Kisukuma panapohitajika, na kidogo cha lugha ya duarani kwa wale wanaonitazama kwa wasiwasi.

Nimejiuliza mara nyingi kama ile hofu iliisha. Haikuisha. Kuna asubuhi naingia zamu na kuhisi kwamba leo ndiyo siku watakayogundua kuwa sistahili. Tofauti ni kwamba siku hizi naijua sura yake. Inakuja, inakaa pembeni, na mimi naendelea kupima presha. Na nikilinganisha, waliowahi kunitisha kazini ni wale wasio nayo kabisa.

Mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma shahada. Nilimpigia mama simu. Alikuwa anabangua karanga. Nilizisikia zikidondoka kwenye sinia.

"Si ulishamaliza kusoma?" aliuliza.

"Kuna ngazi nyingine, mama."

"Ngumu?"

"Wanasema ngumu. Darasani watakuwa watoto wadogo, tena wana kompyuta."

"Utaiweza?"

"Sijui."

Karanga zikaendelea kudondoka. "Haya," alisema. "Ukija nitakuwa nimekukaangia hizi, uende nazo." Kisha akaanza kunieleza habari za mvua.